Gemu ya Uhalisia Pepe Kwenye Simu: Mwongozo kwa Timu ya Wanafunzi Nairobi

Wanafunzi wakiambiwa watengeneze gemu ya uhalisia pepe (VR), wazo la kwanza huwa ni mbio za magari, au kupaa juu ya KICC, au vita. Yote matatu yana kasoro ileile: yanamkimbiza mchezaji ilhali mwili wake umetulia kitini. Macho yanaujulisha ubongo kwamba anakwenda kasi, sikio la ndani linasema hajaondoka alipo, na muda si muda mtu anavua miwani akitafuta pa kutapika. Gemu nzuri ya simu huanza na swali dogo: mchezaji amekaa wapi, na kwa nini ageuze kichwa? Mkilijibu hilo vizuri, timu ya watu wanne inaweza kumaliza kazi ndani ya muhula mmoja bila bajeti ya maana.

Hatua ya 1: Wazo linaloingia kwenye kiti

Simu iliyo ndani ya miwani ya kadibodi, yaani boksi lenye lenzi mbili linaloshika simu mbele ya macho, inajua jambo moja kuhusu kichwa cha mchezaji, nalo ni kwamba kimeelekea wapi. Akitazama juu, chini, kando, au akilaza kichwa begani, simu inajua. Akipiga hatua moja mbele, haina habari. Dunia yote iliyo ndani ya miwani inasogea naye. Kwa hiyo msipange gemu ya kutembea chumbani, wala ya kuchungulia nyuma ya ukuta.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Matatu ya abiria 14 imesimama stejini. Imejaa, na dereva hataki kutoka kabla nauli haijakusanywa. Mchezaji ndiye konda, amekaa karibu na mlango. Abiria wawili wako mbele kando ya dereva, wengine wako nyuma. Anatakiwa ajue nani amelipa, nani anadai chenji, na nani amejifanya amelala. Akimtazama abiria kwa muda mfupi, abiria anatoa pesa. Akimdai mtu aliyekwisha kulipa, gari zima linamzomea. Dakika tatu zikiisha, dereva anawasha injini, na gemu inaishia hapo.

Angalieni mzigo uliotuliwa. Gari halisogei, kwa hiyo hakuna kichefuchefu. Hakuna barabara ya kuchora. Hakuna kidhibiti cha mkononi. Tena hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Nairobi sheria za gemu, kwa kuwa kila siku anaziishi. Wazo jingine la aina hiyo ni kukaa kwenye benchi msituni Karura na kumtafuta ndege kwa kufuata sauti yake, au kuwa na kibanda katika soko la Gikomba ambapo wateja wanatokea pande zote na kila mmoja ana haraka.

Ikibidi kabisa mchezaji ahame, mfungieni macho: skrini iwe nyeusi kwa nusu sekunde, kisha ajikute mahali papya. Msimtelezeshe polepole. Na msigeuze kamera kwa niaba yake hata siku moja, hata kama mnataka sana aone mlichochora. Kichwa ni chake.

Hatua ya 2: Simu, kisha miwani

Kabla ya kuandika mstari wa msimbo, wekeni simu zenu zote mezani na kutafuta ipi ina gairoskopu, kihisi kinachopima jinsi simu inavyogeuka. Simu nyingi za bei nafuu zina aksilerometa peke yake, ambayo hutambua simu ikilazwa au ikisimamishwa lakini haiwezi kufuata kichwa kinachogeuka. Programu yoyote ya bure ya kuonyesha vihisi itawapa jibu. Kwa Samsung nyingi, pigeni *#0*# na mtaona ukurasa wa kujaribu vihisi. Miongoni mwa simu zenye gairoskopu, chagueni iliyo dhaifu zaidi, nayo ndiyo iwe simu rasmi ya majaribio. Gemu ikienda vizuri humo, kwingine haitasumbua.

Miwani si tatizo. Google ilionyesha Cardboard, miwani yake ya kadibodi, mwaka 2014, na mwaka 2019 ikafungua msimbo wake kwa umma. Ingawa iliacha kuuza miwani yenyewe mwaka 2021, michoro ya kukata kadibodi bado inapatikana bure. Mnahitaji boksi gumu, wembe mkali, gundi, na lenzi mbili zenye umbali wa fokasi wa milimita 45. Mkipenda ya plastiki yenye mkanda wa kichwani, zungukeni Luthuli Avenue na maduka ya vifaa vya simu ya katikati ya jiji mkiulizia. Ya plastiki ni rahisi kupangusa, na hilo lina maana kubwa siku watu wengi watakapoivaa kwa zamu. Hakikisheni tu simu yenu inaingia, na kwamba umbali kati ya lenzi unaweza kurekebishwa. Kwa mtu mzima macho huachana kwa wastani wa milimita 63 hivi, lakini watu hawalingani.

Hatua ya 3: Kugawana kazi bila kukanyagana

Hapa ndipo timu nyingi huvunjikia, na mara chache kosa huwa la teknolojia. Mtu mmoja ashike msimbo, mmoja maumbo na rangi, mmoja sauti na maandishi, na mmoja awe mratibu ambaye pia ndiye mkuu wa majaribio. Mratibu asiwe mtu wa kutuma tu ujumbe wa kuulizia kazi imefika wapi. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kila Ijumaa kuna faili moja la APK, yaani programu ya kusakinisha kwenye Android, linalofunguka kwenye simu rasmi, hata kama ndani yake kuna masanduku matupu.

Nitazungumzia Unity, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu mwanafunzi huipata bure na plagini (kiongezi) ya Cardboard ipo tayari kwa ajili yake. Wote mpakue toleo lilelile, hadi tarakimu ya mwisho, na chagueni lile la msaada wa muda mrefu (LTS). Mmoja akifungua mradi kwa toleo jipya zaidi, faili hubadilishwa kimyakimya na wenzake hukesha wakitafuta kilichoharibika. Upakuaji, pamoja na vifaa vya kujengea programu za Android, hula gigabaiti kadhaa. Msiteketeze bando zenu: mtu mmoja apakue kwa Wi-Fi ya chuo, visakinishi viwekwe kwenye diski ya nje, na diski izunguke.

Kazi ihifadhiwe kwa Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili za timu, na ipelekwe GitHub, ghala lake la mtandaoni. Kuna mambo manne ya kuzingatia. Folda ya Library isipelekwe, kwa kuwa Unity huitengeneza upya kwenye kila kompyuta na huwa kubwa mno. Faili zenye mwisho wa .meta zipelekwe zote bila kuacha hata moja. Ndizo zinazobeba utambulisho wa kila picha na kila umbo, na zikikosekana abiria wenu watafunguka kwa mwenzenu wakiwa na rangi ya waridi kali. GitHub hukataa faili linalozidi megabaiti 100, kwa hiyo rekodi ndefu za sauti zikatwe kwanza. La nne ndilo muhimu kuliko yote: watu wawili wasihariri faili moja la mandhari (scene) siku moja. Faili hilo ni maandishi marefu yenye nambari tupu, na kuunganisha mabadiliko ya watu wawili humo ni mateso. Vunjeni gari katika prefabu, yaani vipande vinavyohifadhiwa kila kimoja katika faili lake: dereva ni prefabu, abiria ni prefabu, kiti ni prefabu. Msanii anabadilisha abiria ndani ya prefabu yake, mtu wa msimbo anabaki na mandhari, na hawagombani.

Wenye laptopu dhaifu wana njia nyingine: A-Frame, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Ukurasa mmoja wa HTML, anwani yenye https, na simu inaonyesha picha mbili zilizogawanywa kwa macho. Kuchagua kwa kutazama kumo ndani tayari. Haitoi kasi kama ya Unity, lakini kwa gemu ya Karura yenye miti michache na ndege wanne inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Sanduku moja kwenye simu, wiki ya kwanza

Undeni mradi mtupu, ongezeni plagini ya Google Cardboard kupitia kidhibiti cha vifurushi cha Unity kwa kubandika anwani yake ya GitHub, kisha ingizeni mfano unaokuja nayo. Badilisheni jukwaa liwe Android, washeni Cardboard kwenye mipangilio ya XR, mkao uwe wa kulala kushoto (Landscape Left), na mjengo uwe IL2CPP wenye ARM64. Unganisheni simu kwa kebo na mjenge. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu, na laptopu yenye GB 8 za RAM itapiga kelele. Fungeni kivinjari kwanza.

Mtakachoona ni chumba chenye umbo linaloelea. Zuieni hamu ya kulipamba. Kazi ya wiki hii ni kila mwanatimu kujenga APK kwenye laptopu yake mwenyewe na kuiona ikiwaka kwenye simu. Aliyeshindwa asaidiwe sasa hivi, kwa kuwa siku aliyezoea kujenga atakapokuwa na CAT au stima itakapopotea kwao, mwingine lazima aweze.

Picha ikionekana imepinda au mbili zisizokutana, mara nyingi dawa ni ile nembo ya mraba iliyochapishwa kwenye miwani: isomeni kwa kamera kupitia alama ya gia kwenye skrini, ili programu ijue vipimo vya lenzi zenu.

Hatua ya 5: Kutazama ndiyo mkono wa mchezaji

Hii ndiyo roho ya gemu, ipeni muda. Kwenye mfano wa plagini kuna skripti inayotuma mwale kutoka kwenye kamera kwenda mbele katika kila fremu, yaani kila picha simu inayochora. Mwale ukigonga kitu chenye kolaida, umbo lisiloonekana la kupokea mguso, skripti hukitumia kitu hicho ujumbe wa OnPointerEnter. Ukikiacha, hutuma OnPointerExit. Nyinyi mnaongeza saa. Mtazamo ukiingia kwa abiria, saa inaanza kwenye sifuri. Kila fremu mnajumlisha Time.deltaTime, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ikifika kikomo, abiria analipa, mtazamo ukitoka kabla, saa inarudi sifuri.

Kikomo kiwe kiasi gani? Anzeni na sekunde 1.5. Kikiwa kifupi sana, mchezaji anayepitisha macho tu anajikuta amewadai watu wote. Kikizidi sekunde mbili, shingo inachoka na gemu inapooza. Lakini namba peke yake haitoshi, mchezaji lazima aone saa ikienda. Wekeni kiduara kinachojaa kuzunguka nukta ya katikati, na abiria naye aanze kuitikia mapema: nusu sekunde baada ya kutazamwa anainua kichwa, kwenye sekunde moja mkono unaingia mfukoni, halafu noti inatoka. Abiria aliyejifanya amelala yeye habanduki hadi atazamwe mara mbili. Mwitikio huu mdogo ndio unaomfanya mchezaji aamini kwamba kuna mtu mbele yake.

Fanyeni kolaida ya uso iwe kubwa kuliko uso wenyewe, karibu mara moja na nusu. Kichwa cha binadamu hakitulii kama kipanya, na kumlazimisha mtu alenge sehemu ndogo kwa shingo ni kumwonea. Upande wa pili, wasibanane: abiria wakikaribiana mno, mwale utamdai jirani. Kiti cha matatu ni chembamba, najua, lakini hapa pana ruhusa ya kupanua gari kidogo kuliko la kweli.

Maandishi yana sheria yake. Simu yenye pikseli 2400 kwa 1080 ikilazwa, kila jicho hupata nusu ya upana, na hizo pikseli zisizozidi 1200 zinatandazwa kwenye uwanja mpana wa macho. Herufi ndogo hugeuka ukungu. Andikeni maneno machache, makubwa, yakiwa umbali wa mita mbili au tatu, tena yawe sehemu ya dunia yenyewe. Msibandike alama kwenye kona ya skrini kama gemu za kawaida. Kitu kinachofuata kichwa kila kinapogeuka kinaudhi macho. Matatu imewapa mahali tayari: stika juu ya kioo cha mbele. Kiasi kilichokusanywa kiandikwe hapo, kwa mtindo uleule wa stika za mtaani.

Hatua ya 6: Kuchora kwa ubahili

Ili picha isikatikekatike, simu inapaswa kuchora fremu 60 kila sekunde. Hiyo ni milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu, na ndani ya muda huo dunia inachorwa mara mbili, jicho la kushoto na la kulia. Fremu zikipungua, picha inachelewa kufuata kichwa, na kile kichefuchefu mlichokikwepa kwenye hatua ya kwanza kinarudi kwa mlango wa nyuma.

Kila abiria asizidi pembetatu 1,500. Kumi na wanne wanakuwa 21,000, mara mbili kwa macho mawili ni 42,000; simu ya kawaida inalimudu hilo. Jambo linaloua simu zaidi ya pembetatu ni idadi ya faili tofauti za rangi na picha zinazopakwa juu ya maumbo. Abiria wote watumie faili moja la picha lenye nguo zote, nyuso zote na viatu vyote, ili simu isibadilishe kalamu kila mara. Vivuli vya papo hapo vizimwe. Kwa vile gari halisogei, mwanga wote unaweza kukokotolewa mapema kwenye laptopu na kupakwa juu ya viti na kuta, na hapo mtapata jua la saa kumi likipenya dirishani bila gharama yoyote kwenye simu.

Madirisha wekeni wazi. Kitu kinachopitisha mwanga huifanya simu ichore pikseli ileile zaidi ya mara moja, na kioo cha matatu kingefunika karibu uwanja wote wa macho. Nje ya dirisha picha moja ya duara (digrii 360) ya steji inatosha, iliyopigwa kwa simu.

Usahihi wa mambo ya hapa utabeba gemu yenu kuliko wingi wa maumbo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile ambazo watu huziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ndizo zilizoleta ule mstari wa manjano ubavuni, mikanda ya viti, na sare: dereva buluu, konda maruni. Mchezaji akitazama chini aone mikono yake ndani ya maruni. Grafiti za gari chagueni kuzichora wenyewe. Michoro ya nganya, matatu zilizopambwa, ni kazi ya wasanii wenye majina yao, na nembo za sacco zina wenyewe.

Hatua ya 7: Sauti

Abiria aliye nyuma ya mchezaji anaita kwa sauti: "Kondaa, chenji yangu!" Ndicho kinachofanya mtu ageuke. Rekodini mono, si stereo, kisha kwenye Unity sogezeni Spatial Blend hadi mwisho wa 3D ili sauti ikae mahali alipo abiria. Mfumo wa kawaida wa Unity hutofautisha vizuri kushoto na kulia, lakini mbele na nyuma huchanganya. Mchezaji hutegua mwenyewe akigeuza kichwa kidogo, basi sentensi ziwe ndefu kiasi cha kumpa nafasi hiyo. Vipokea sauti vya masikioni ni lazima.

Kelele za steji rekodini mapema asubuhi, kabla honi hazijafunika kila kitu. Mkitaka sauti ya konda halisi akiita abiria, mwombeni ruhusa na mweleze itatumika wapi. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Marafiki wa bweni wanaweza kuigiza abiria wote kwa jioni moja, na mara nyingi wanafurahisha kuliko waigizaji.

Hatua ya 8: Vichwa vya watu wengine

Nyinyi mmeshazoea gemu yenu, hamwezi kuipima tena. Kuanzia wiki ya tatu, tafuteni watu wasiohusika: mwenzenu wa idara ya Kiswahili, mama anayewauzia chapati, mlinzi wa geti. Mkalisheni mtu kwenye kiti kinachozunguka, asisimame. Mwambieni aivue miwani mara tu anapojisikia vibaya, na mwache kweli. Kisha nyamazeni. Msimwelekeze "tazama nyuma". Asipotazama nyuma, gemu haijampa sababu.

Andikeni alichofanya kabla ya alichosema. Watu wa hapa ni waungwana, watawaambia ni nzuri. Lakini ukiona mkono wake umeshika meza, au ametabasamu abiria alipomzomea, umepata ripoti ya kweli.

Chezeni pia kwa dakika kumi mfululizo, simu ikiwa imefungwa ndani ya miwani. Humo hakuna hewa. Simu ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe, na gemu iliyokuwa laini dakika ya kwanza huanza kukwama dakika ya saba. Mkiona hivyo, punguzeni ukubwa wa picha inayochorwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Hatua ya 9: Kuitoa

Kwa maonyesho ya chuo, APK inatosha. Simu ziwe katika hali ya ndege ili ujumbe usichomoze katikati ya gari, ziwe zimejaa chaji, na pawe na kitambaa cha kupangusia lenzi na sehemu ya paji la uso kila mtu anapomaliza.

Kwa umma, itch.io inapokea APK bila malipo na mnaweza kupakia leo hii. Google Play inadai dola 25 mara moja kufungua akaunti, faili la AAB (aina nyingine ambayo Unity hujenga) badala ya APK, na kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa. Waandikisheni darasani mapema, wiki mbili hizo haziharakishwi. Ufunguo wa kutilia saini programu uhifadhiwe na watu wawili mahali pawili tofauti, kamwe usiwekwe kwenye ghala la Git lililo wazi, na kabla mmoja wenu hajahitimu na kuondoka na laptopu yake, hakikisheni nenosiri lake linajulikana na anayebaki.